Kabati la Nesi Kija

Mvua za El Nino zilinyesha Mwanza kana kwamba ziwa limehamia angani. Huko Pasiansi maji yalichimba vichochoro, yakasukuma mawe ambayo watu walidhani yalizaliwa palepale, na mchana mmoja wa upepo mkali mvule mkubwa uliosimama katika uwanja wa zahanati ukaanguka chali. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo kina mama wa mtaa ule walisikitika kama waliofiwa, kwa maana kivulini mwa mti ule ndipo walipokuwa wakisubiri kliniki, miguu imevimba na mikono i kiunoni, hadi Nesi Kija atoke mlangoni na kuwaita mmoja mmoja.

Nesi Kija alikuwa mkunga wa zahanati hiyo tangu siku ambazo barabara ya kwenda mjini ilikuwa vumbi tupu. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, mwenye sauti ya ukali na mikono ya huruma. Watoto aliowapokea walijaa Pasiansi kama dagaa walioona taa ya karabai. Mwaka huo wa 1998 alikuwa anastaafu na kuhamia katika kijumba chake cha vyumba viwili huko Buhongwa. Kina mama wakakutana ili kupanga namna ya kumuaga. Mwenyekiti wao, Mama Chenge, muuza samaki aliyezaa watoto wake wote mikononi mwa nesi huyo, alitoa shauri ambalo halikupingwa.

"Tumpe kitu kilichotoka katika mvule wetu," alisema. "Na kiwe kabati la kutundika ukutani, maana vyumba vyake ni vidogo. Kitanda na meza vikiingia, mtu anapita kwa ubavu."

Shina la mvule lilikuwa limekwisha kupasuliwa kwa ajili ya mabenchi na milango ya zahanati. Kina mama walipewa mbao chache zilizonyooka, pamoja na ile panda, mahali shina lilipogawanyika kuwa matawi mawili. Wapasuaji walikuwa wameikwepa kwa sababu mbao za panda ni kaidi. Lakini ndani ya panda ndimo mti unamoficha uzuri wake: nyuzi hukutana, zikajikunja na kufumuka kama moshi, na mafundi husema mbao hiyo ina maua.

Kazi iliombwa na fundi Mhoja Shimba. Hakuombwa yeye, aliomba mwenyewe. Karakana yake, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba yake kando ya njia ya Pasiansi, ilikuwa imeanza kupoa kama jiko la jana. Tangu soko huria lishike kasi, maduka ya mjini yalijaa makabati kutoka ng'ambo, yaliyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Yaling'aa, yalikuwa rahisi, na wateja wake waliyafuata kama nzi wafuatavyo asali. Lakini si hilo lililomfanya Mhoja aombe kazi ile. Mkewe Odeta alipojifungua binti yao, Queen, damu ilikataa kukoma. Nesi Kija alipanda naye nyuma ya gari la samaki, akamkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili njia nzima hadi hospitali kubwa, wala hakuiondoa mpaka madaktari walipompokea mgonjwa. Mhoja hakupata kamwe maneno ya kumshukuru. Alidhani kabati lingeyasema kwa niaba yake.

"Tulitaka kuipeleka kwenye karakana ya mjini yenye mashine," Mama Chenge alimwambia. "Panda ni moja, baba. Ikiharibika hakuna nyingine."

"Haitaharibika," Mhoja alijibu. "Niachieni mimi."

Basi Mhoja aliipasua panda katikati, na nusu moja akaikata mbao nene za kufanyia milango, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Akaziegemeza ukutani zikauke. Jua la kiangazi lilipozipiga, mbao hizo zikaanza kujikunja. Moja ilipinda kama ulimi wa ng'ombe. Nyingine ilitoa mlio mkali alasiri moja, na Mhoja alipokimbilia akakuta ufa umelipasua lile ua kutoka juu hadi chini.  Alizifunika kwa gunia, akakaa juu ya kigogo na kushika tama. Kuanzia siku hiyo alikula bila kuonja, na salamu za wapita njia akawa anazijibu kwa kichwa tu. Mama Chenge alipopita kuuliza habari za kazi, alimwambia inaendelea, naye moyoni alijua kwamba haiendelei, imekufa.

Wakati huo Odeta alikuwa akiuza uji na maandazi mjini, karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Jioni moja alirudi nyumbani akiwa na mwanamume mrefu, mkavu, aliyejifunga shuka mabegani na kutetemeka kama unyasi. Mhoja alikuwa mlangoni. Alimtupia jicho mgeni, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Queen, huyu ni nani?"

"Anaitwa Oyugi, ametoka Shirati. Alikuwa anavuka kwenda Geita kutafuta dhahabu. Homa ilimwangusha gatini, wenzake wakavuka bila yeye."

"Mjini kuna nyumba za kulala wageni."

"Wamemkataa. Wanaogopa atawafia."

"Na sisi hatuogopi?"

"Tunaogopa," Odeta alisema, huku akimsaidia mgeni kukaa kwenye benchi. "Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mhoja alimtazama yule mtu, ambaye hata kichwa chake kilikuwa kinamlemea. "Apone kwa huyu? Huyu hata kusimama hawezi. Nadhani wahenga walikuwa na mgeni mwingine."

 Odeta aliingia ndani, akatandika mkeka na godoro katika chumba cha mbele, akabandika maji. Mhoja alikaa nje akinung'unika, lakini yeye ndiye aliyemshika mgeni kwapani na kumwingiza ndani, kwa kuwa mgeni hakuweza kuinuka peke yake.

Asubuhi Nesi Kija aliitwa. Alikuja kwa miguu na mkoba wake, na Mhoja akawahi kulivuta gunia lifunike vizuri zile mbao pamoja na nusu ya panda iliyosalia, kwa maana zawadi ilikuwa siri. Nesi alimpima mgonjwa, akamchoma sindano ya kwinini, akamkalisha na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko.

"Shikamoo, mama," Oyugi alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Marahaba. Unataka kwenda kuchimba dhahabu na mwili huu? Wewe ndiye utakayechimbiwa," Nesi Kija alisema. "Lala. Na uji huu umalize."

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, akitoka kazini kabla ya kwenda kwake. Hakuna aliyemtuma. Taratibu macho ya Oyugi yakapata mwanga, akaanza kukaa uani na kumsaidia Odeta kuchambua mchele. Hapo ndipo walipopata habari zake. Alikuwa fundi katika kiwanda cha samani cha serikali, na kiwanda kilipobinafsishwa mashine ziling'olewa, wafanyakazi wakapunguzwa, na unga wake ukamwagika pamoja na wa wenzake wengi. Nyumbani Shirati alimwacha mkewe, Faith, akilima mtama kwenye shamba la wazazi wake. Alitumaini dhahabu ingemrudishia heshima yake.

Mhoja alisikia neno fundi, akaendelea kunoa patasi yake. Ilimwia vigumu kufunua aibu yake mbele ya mtu aliyemwona kuwa mzigo.

Hata hivyo siku za kumuaga Nesi zilikuwa zinakaribia. Mchana mmoja Mhoja alipiga moyo konde. Aliitoa ile nusu ya mwisho ya panda, akaibana kwenye meza ya kazi, akachora mistari ya mbao nene kama zile za kwanza, huku akiomba Mungu safari hii zisipasuke. Alikuwa ameshika msumeno aliposikia nyayo zikijikokota nyuma yake.

"Fundi, ngoja kidogo," Oyugi alisema.

"Nina haraka, bwana."

"Najua. Ngoja hivyo hivyo." Oyugi aliiegemea meza, akatema mate kiganjani na kuyapaka juu ya mbao. Rangi ikafumbuka: hudhurungi, dhahabu na weusi, mawimbi yakikimbiliana kama maji yanayopita kati ya mawe. Wote wawili wakainama kuitazama. "Hii ukiikata nene," Oyugi akasema, "itajipinda, kwa sababu kila uzi unavuta upande wake. Sisi kiwandani tuliikata nyembamba, tukaivalisha juu ya ubao mtulivu ulionyooka. Tuliiita vinia."

Damu ilimpanda Mhoja usoni. "Kuvalisha? Kama yale makabati ya karatasi wanayouza mjini? Nimpe mama yule kitu cha kumdanganya macho?"

"Karatasi ile ni picha ya mti. Huu ni mti wenyewe," Oyugi alijibu bila kukasirika. "Ila tunauhurumia, hatuulazimishi kubeba mzigo usiouweza. Mama gani unayemsema?"

Mhoja aliushusha msumeno. Kisha alilivuta gunia, akamwonyesha mbao zilizopasuka, akamweleza yote: mvule, kina mama, gari la samaki, na ahadi aliyoitoa kwa kinywa chake. Oyugi alizigusa zile mbao moja baada ya nyingine kama mtu anayewapa pole wafiwa.

"Kumbe ni kabati la nesi anayenichoma sindano," alisema mwishowe. "Basi Geita itaningoja. Shika upande huo wa msumeno, na mimi nishike huu."

Walianza kazi. Msumeno ulikuwa wa watu wawili, mmoja huvuta na mwingine hufuata, na Oyugi alikuwa bado dhaifu, hivyo walipumzika mara kwa mara. Mvule una tabia ya kuficha vijiwe ndani yake. Kila msumeno ulipogonga kimoja, meno yakafa, nao wakakaa kuyanoa upya. Unga wa mbao uliwafanya wapige chafya hata Odeta akawacheka. Lakini polepole zilitoka mbao nyembamba za unene wa sarafu, nazo zilikauka haraka, zikiwa zimelazwa kivulini kati ya mbao tambarare. Oyugi alichukua mbili zilizofuatana, akazifungua kama kurasa za kitabu. Ua la kulia likalitazama ua la kushoto kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Mhoja alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza Odeta kumsikia akicheka tangu mvua zikome.

Kiunzi cha kabati na moyo wa milango walivifanya kwa zile mbao zilizonyooka, ambazo zilikuwa zimekauka vizuri kwa miezi. Kwa uvalishaji hawakuwa na mashine ya kushindilia. Walipika gundi ya ngozi ya ng'ombe, sufuria ndani ya sufuria, mpaka ikawa nzito kama asali. Odeta alitoa pasi yake ya mkaa. Walipaka gundi, wakalaza vinia, wakapitisha pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha wakaweka ubao na juu yake wakapanga mawe. Mawe Mwanza hayaombwi. Walichagua yale waliyoweza kuyabeba.

"Sasa tugeuze, tuvalishe na nyuma," Oyugi alisema walipomaliza uso wa mlango wa kwanza.

"Nyuma nani ataona?"

"Hakuna. Lakini ukiuvalisha upande mmoja tu, gundi ikikauka itauvuta mlango wote upande huo. Uvutwe huku na huku ndipo utulie."

Mhoja alitii. Alikuwa amekuwa fundi kwa nusu ya umri wake, na ilimshangaza kuona jinsi ilivyokuwa tamu kufundishwa. Jioni walikula pamoja sinia moja, ugali na sato wa nazi ya kubahatisha ambayo Odeta aliipata sokoni, na mgeni akawasimulia habari za Shirati.

Kisha siku ya kufunua mlango wa pili homa ikamrudia Oyugi. Odeta alimpeleka zahanati akiwa ameegemea bega lake. Mhoja akabaki peke yake, akaondoa mawe, akainua ubao.  Katikati ya ua, mahali pazuri kuliko pote, vinia ilikuwa imeumuka lengelenge pana kama kiganja. Gundi haikushika. Vinia nyingine yenye ua kama lile haikuwapo.

 Alitaka kuacha kila kitu amngoje mgeni, lakini gundi ikikauka kabisa ingekuwa vigumu zaidi, na hakujua Oyugi angerudi katika hali gani. Alikaa, akakumbuka aliyofundishwa. Gundi hii hulainika kwa moto. Na kilicholainika kinaweza kushikamana upya. Alichukua wembe mpya, akalipasua lengelenge kwa kufuata mkunjo wa uzi mmoja, polepole, kama Nesi anavyopasua jipu la mtoto. Akachovya unyoya wa kuku katika gundi ya moto, akauingiza ndani ya ufa, akaubembeleza huku na huku. Kisha akaweka kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi, akakandamiza kwa ubao na jiwe, na kukaa juu ya jiwe lenyewe. Alikaa hapo bila kwenda kula, akihofia hata kujikuna.

Oyugi aliporudi, uso umemsawijika lakini akitembea mwenyewe, alimkuta bado amekaa.

"Kuna nini?"

"Kulikuwa na lengelenge," Mhoja alisema. "Sijui kama bado lipo."

Waliondoa jiwe pamoja. Oyugi alipitisha kucha juu ya mlango akigonga kidogo kidogo, sikio limeinama, akisikiliza kama kuna mahali panapojibu kwa utupu. Aligonga juu, akagonga chini, akagonga kati. Kila mahali palijibu kwa sauti moja, nzito. Aliutafuta ufa kwa macho na hakuuona.

"Ulipasua wapi?"

"Hapo. Kwenye mstari huo mweusi."

Oyugi alimpa mkono. "Basi hata mimi nikienda leo, kazi hii itabaki katika mikono yako," alisema. Mhoja aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili. 

Siku ya kumuaga Nesi, kina mama walifika Buhongwa wakiwa wamevaa vitenge vya sare, na kabati wamelifunika kwa kanga. Mhoja alipigilia ukutani papi moja, kipande chembamba cha ubao kilichokatwa mshazari, na mgongoni mwa kabati ilikuwapo pacha wake. Yeye na Oyugi waliliinua, wakalishusha. Papi zikaumana, na kabati likakaa ukutani imara kama jiwe juu ya jiwe. Mama Chenge akaivuta kanga.

Vigelegele vilianza, kisha vikafifia, watu wakimwangalia Nesi Kija. Alisogea hadi milangoni. Aliyatazama maua yale mawili yaliyotazamana, akayawekea kiganja.

"Huu ni mvule wa zahanati?" aliuliza.

"Ndio, Nesi," Mama Chenge alijibu.

"Nilidhani wote umekwishia kwenye mabenchi na milango." Sauti yake ya ukali ilikuwa imelainika. "Miaka yote ile niliuona kwa nje tu. Sikujua ndani uko hivi." Alifuta macho kwa upindo wa kitenge, bila kujificha. "Asanteni, wanangu. Ni nani aliyeufungua?"

Watu walimtazama Mhoja. Mhoja alivua kofia yake.

"Nesi, mimi nilitaka kukushukuru kwa ajili ya Mama Queen, na peke yangu nisingeweza. Nusu ya panda ya mti huu niliiharibu. Aliyeniokoa ni huyu."

Alimvuta Oyugi mbele. Nesi Kija alimkagua toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe si yule wa sindano?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikukataza Geita."

"Sijaenda, mama. Nilikuwa kwenye kabati lako."

Nyumba nzima ilicheka, na safari hii vigelegele havikufifia.

Kabla watu hawajatawanyika, mwalimu mmoja wa Buhongwa alimvuta Mhoja pembeni kuuliza kama angeweza kutengenezewa kabati la vitabu. La kwake la dukani lilikuwa limelowa wakati wa mvua na kuumuka kama andazi. Katekista naye akauliza habari za kabati la sakristia. Mhoja aliwajibu wote kwamba angewapa majibu, kisha akarudi nyumbani akiwaza.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Oyugi akikunja shuka lake.

"Unakwenda?"

"Nimepona. Wenzangu wananingoja ng'ambo, na siwezi kula chakula chenu kama mgeni siku zote."

"Siku ulipofika sikukutaka hapa," Mhoja alisema. "Ni Mama Queen aliyekutaka. Leo mimi ndiye ninayekuomba. Karakana ni kubwa kwa mtu mmoja, na kazi zimeanza kuja. Tufanye pamoja, tugawane sawasawa. Faith aje; chumba cha mbele ni chenu mpaka mpate chenu."

Oyugi alilitazama shuka mikononi mwake. "Mgeni akikaa sana anachosha, fundi."

Odeta, aliyekuwa akikoleza mkaa uani, alijibu bila kuinua kichwa. "Mgeni siku mbili, shemeji, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulishalishika zamani. Hapa hakuna mgeni."

Oyugi alicheka, akalifunua shuka lake na kulitandika tena godoroni. Kabla ya mwezi kwisha Faith alifika kutoka Shirati na gunia la mtama begani, Odeta akampokea kwa mikono miwili. Katika karakana ile, iliyokuwa imepoa kama jiko la jana, misumeno ikaanza tena kulia asubuhi na jioni. Vijana waliotumwa na wazazi wao kujifunza kazi waliambiwa wavalishe mbao pande zote mbili, hata ule upande usioonekana. Makabati ya maua ya Pasiansi yakatundikwa katika nyumba nyingi, kutoka Ilemela hadi ng'ambo ya Kamanga.

Na kila jioni, wakati sinia lilipowekwa kati ya familia mbili, Mhoja alimshukuru Mungu kwa chakula, kisha kwa mkewe aliyeona mbali kuliko yeye, na mwisho kwa mtu yule aliyeletwa mlangoni pake akiwa hawezi hata kusimama. Mgonjwa aliponywa na mwenyeji, na mwenyeji, ambaye hakuna aliyejua kwamba anaumwa, akaponywa na mgonjwa. Wahenga hawakuwa na mgeni mwingine. Walikuwa na huyuhuyu waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.